Nilifufua Landrova Ibebe Mahari Yangu

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Kanja kule Embu, na ukinipa mkono leo utadhani umesalimiana na mwanamume. Kucha zangu ni nyeusi. Nimezisugua kwa sabuni ya unga, kwa majivu, hata kwa ndimu... grisi imekataa kutoka! Naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjaniita mjinga. Jina hilo nimeshajiita mwenyewe, na kwa sauti kubwa kuliko mtakayotumia nyinyi.

Mimi ndiye mtoto pekee wa baba yangu. Mama alifariki nikiwa bado mdogo, na baba hakuoa tena. Alikuwa dereva wa chama cha wakulima wa kahawa, akiendesha landrova ya dizeli kwenye barabara zetu za udongo mwekundu, zile ambazo mvua ikinyesha hata ng'ombe hutembea kwa adabu. Kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto, alikuwa akienda nami. Wenzangu walijifunza kusuka vyondo, vikapu vyetu, mimi nikajifunza kusikiliza injini. Alinifundisha kwamba dizeli haipatani na hewa. Hewa ikiingia kwenye paipu zake hata kidogo, injini inazima, na haitawaka hata uiombee, mpaka uitoe hewa yote kwa mkono.

Nilipokua nikaenda Meru kufanya biashara. Nilikuwa nachukua ndengu kutoka upande wa Kiambere na kuziuza soko la Gakoromone. Huko ndiko nilikompata Murithi, au niseme alikonipata yeye. Alikuwa dalali wa mazao, mtu wa shati safi na maneno matamu. Ninyi mnaojua madalali mnanielewa. Nikahamia kwake bila sherehe yoyote, bila hata mbuzi mmoja kuvuka mto kwenda kwa baba. Tukapata mtoto wetu, Kendi. Watu wakaanza kuniita Mama Kendi, nami nikajiona mke.

Lakini nilikuwa mke wa nani? Kwa Wameru, mwanamke hutolewa kwao kwa kondoo jike na kondoo dume, kwa mtamba na fahali, na kwa asali. Hayo yasipofika, wewe ni mgeni tu aliyechelewa kwenda kwao. Na si wewe peke yako. Binti yako akija kuposwa, mahari yake hailiki kabla ya yako kuliwa. Baba alikuwa na binti mmoja tu duniani, na hakuwa amepokea hata kijiko cha asali kwa ajili yake. Hakuwahi kuniuliza. Alikuwa akikaa kwenye mazishi na harusi za Kanja akiwasikiliza wazee wenzake wakihesabu wakwe zao, kisha anarudi nyumbani.

Ndipo ikaja ile landrova.

Tuliipata kwenye mnada wa magari makuukuu ya serikali. Ilikuwa four-wheel ya dizeli, ya zamani kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Nyasi zilikuwa zimeota zikapenya sakafu yake, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Ilinunuliwa kwa pesa za biashara yangu ya ndengu, lakini aliyeenda kuandikisha karatasi ni Murithi, kwa sababu mimi siku hiyo nilikuwa sokoni. Jina kwenye logbook likawa lake. Nilipomuuliza alicheka, akasema mume na mke ni kitu kimoja. Kumbe ni kitu kimoja, na kitu hicho ni chake!

Jioni ilipovutwa hadi nyumbani, Murithi aliweka mkono kwenye boneti iliyokuwa na kutu, akaniambia maneno ambayo niliyashika miaka yote.

"Siku gari hili litatembea, safari yake ya kwanza kubwa ni Kanja kwa baba yako. Na haitaenda mikono mitupu."

Ndugu zangu, ningefanya nini tena? Nilivaa ovaroli.

Nilijenga kibanda cha mabati kando ya nyumba na nikaanza. Asubuhi sokoni, mchana chini ya gari. Niliishusha injini kwa cheni na mbao, nikaifungua, nikabadilisha ringi na beringi, nikapeleka silinda kwa fundi wa mashine na kuzirudisha mwenyewe. Nozo, zile za kupulizia dizeli, nilizipeleka kupimwa. Gia boksi ilinitesa... iliniangukia kifuani nikiwa nimelala chini, na bado hali ya hewa ikibadilika ubavu wangu hunikumbusha. Murithi alikuwa wapi? Alikuwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, na jirani akipita anamwambia, "Naunda gari."

Ilipowaka mara ya kwanza ilitoa moshi mweusi hadi jirani akaja na ndoo ya maji. Nililia. Nilimpigia baba simu, nikaweka simu karibu na injini asikilize. Alisikiliza, kisha akasema nozo moja haipigi sawa na nyingine. Alisema kweli! Kutoka Kanja, kwa simu, na macho yake yakiwa tayari yameanza kumwacha. Nilirekebisha, nikampigia tena, akasema sasa ni sawa, akaniuliza ina rangi gani.

Sikuishia kuitengeneza tu. Niliibadilisha ifae barabara zetu. Nikaweka springi nzito ikainuka juu, nikaiwekea magurudumu ya matope, nikachomelea bomba la hewa hadi juu ya paa ili tukivuka mto isinywe maji. Na kwa kuwa kule Kiambere ukiishiwa na dizeli umeishiwa, nikaongeza tangi la pili nyuma, lenye koki ya kubadilisha chini ya kiti. Tangi hilo lilikuwa na tabia moja. Likibaki na dizeli kidogo na gari likapanda mlima mrefu, linavuta hewa, na gari linazima. Nilikuwa nimehamisha filta ili nipate nafasi, kwa hivyo skrubu ya kutolea hewa haikuwa mahali ambapo fundi mwingine angeitafuta. Nilimweleza Murithi mara nyingi kwamba mlimani arudishe koki tangi la mbele. Alikuwa akiitikia huku anaangalia simu yake.

Gari likaanza kazi. Lilibeba ndengu, maembe, mawe ya ujenzi, wagonjwa, hata maiti wakati wa mvua magari mengine yalipokwama. Murithi ndiye aliyeshika usukani. Akaanza kuitwa Mwenye Landrova, akaanza kutembea taratibu kama watu wa cheo. Na ile safari ya kwanza kubwa? Ikawa mvua ikiisha. Kisha ikawa Kendi akishaingia sekondari. Kisha ikawa tunyamaze kwanza...

Halafu mwaka jana, mambo yakabadilika ghafla.

Murithi alinijia kibandani akiwa mpole isivyo kawaida. Akataka nichomelee vyuma nyuma, nafasi ya kumtenga ng'ombe dume asiwafikie watu. Akataka benchi la wazee, lenye godoro. Akataka pembeni niweke kishikilio cha mtungi, usimwagike njiani. Nilimuuliza ni kazi gani hiyo. Akasema wazee wa kanisa wana shughuli Jumamosi, kuna harambee, kuna fahali la kupeleka.

Mtungi usimwagike! Fahali! Wazee kwenye godoro! Wewe mama unayesoma hapa, ungeelewa nini? Siku hiyo hiyo niliona amenunua kofia mpya na koti refu. Shangazi yake, ambaye ndiye husimamia mambo ya ukoo wao, alikuja na kondoo jike mweupe akamfunga nyuma ya nyumba, na aliponiona akatazama chini. Nikajua. Nikaketi kwenye gurudumu. Murithi alikuwa akitimiza ahadi, na alitaka kunishtukiza.

Kwa nini sikumuuliza wazi? Hapa ndipo wasomaji wa mbali watanishangaa. Kwetu mwanamke haulizi habari za mbuzi zake, yaani mahari yake. Ni aibu. Ni kama kujiuza kwa mdomo wako mwenyewe. Wanaume hupanga na wanaume, na safari ya kwanza ukoo wao huenda bila mwanamke mwenyewe, naye hubaki nyumbani akijifanya hajui lolote. Nikajifanya sijui. Lo, nilijifanya vizuri!

Wiki hiyo sikulala vizuri kwa furaha. Nilibadilisha oili, nikapaka grisi kila mahali panapopakwa grisi, nikakaza breki, nikalisugua gari hadi rangi ya kijani ikaonekana tena. Vile vyuma vya fahali nilivipiga msasa visimkwaruze. Lile godoro nililishona kwa kitambaa changu kizuri, ili wazee watakaoenda kuniombea kwa baba wasiumie migongo. Nilishona nikiimba nyimbo za kanisa. Murithi alipita akaniona, akasimama kidogo, akaendelea na safari zake.

Na nikafanya jambo ambalo hadi leo najilaumu nalo. Nilimpigia baba.

Sikumwambia wazi. Nilisema tu, "Baba, Jumamosi usitoke nyumbani."

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wangapi?"

Nikamwambia apike kwa ajili ya watu wa kujaa landrova. Nikamsikia akicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimemsikia baba akicheka hivyo.

Jumamosi ikafika. Waliondoka asubuhi, Murithi na kofia yake, shangazi na kina mama wa ukoo, wazee, kondoo, mtamba na fahali na mtungi. Mimi nilisimama mlangoni na ovaroli yangu nikiwapungia. Nilimkumbusha Murithi kwamba tangi la nyuma lina dizeli kidogo. Akasema sawa.

Mchana simu ikalia. Ni Murithi. Gari limezima mlimani, wamempata fundi wa huko na amefungua fungua vitu lakini halishiki. Nikamuuliza wako wapi. Akasitasita, akasema Kionyo, juu kwenye mashamba ya majani chai.

Kionyo? Ukienda Embu huna haja ya kupanda Kionyo. Lakini moyo unaotaka kitu hujitafutia majibu. Nikasema pengine wamepanda kumchukua mzee mmoja. Pengine wamefuata asali nzuri ya huko. Nikachukua spana zangu na mtungi wa dizeli, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa nikimhimiza mwenye pikipiki aharakishe, maana baba alikuwa anangoja... Nilikuwa nakimbia kwenda kuokoa mahari yangu!

Niliwakuta kwenye mwinuko wa matope. Landrova ilikuwa imesimama katikati ya barabara, boneti wazi. Fahali alikuwa analia nyuma. Kina mama walikuwa wameketi kwenye ukingo na vyondo vyao, nguo nzuri zote matope hadi magotini. Hakuna aliyenisalimia. Shangazi alinigeuzia mgongo akajifanya anafunga kamba ya kondoo.

Pamoja nao alikuwepo mzee mmoja nisiyemjua, mwenye mkongojo na koti zito, aliyekuwa ameshuka kutoka juu kuja kuona kwa nini wageni wamechelewa. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akamuuliza Murithi.

"Na huyu mama wa ovaroli ni nani?"

Murithi hakunitazama. "Ni fundi yetu," akasema.

"Basi umwambie afanye haraka. Msichana wetu amekaa tangu asubuhi akingoja, na kwetu mahari haiingii jua likianza kuzama."

Hivyo ndivyo nilivyojua.

Hapakuwa na mtu wa kunieleza zaidi, na sikuhitaji. Niligeuka nikaingiza kichwa ndani ya boneti kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukiweka. Ndipo simu yangu ikalia ndani ya ovaroli. Nikaitoa kwa vidole vyenye dizeli. Ni baba.

Aliuliza tumefika wapi. Nyuma yake nilisikia sauti za watu wengi na vyombo. Alisema wazee wenzake wote wamefika, wale niliowataja, waliokuwa wakihesabu wakwe mbele yake. Alisema chakula kiko motoni lakini hawataandaa mpaka wageni wafike.

Ningemwambia nini? Mniambie nyinyi! Nilisema, "Gari imetufia njiani, Baba."

"Poleni," akasema. "Toa hewa kwanza. Sisi tutangoja."

Murithi alikuwa amesogea karibu, amesikia. Aliinama kando yangu kama mtu anayeangalia injini, akaninong'oneza nitengeneze tu, mambo mengine tutaongea nyumbani, nisimwaibishe mbele ya watu. Nilimtazama mtu huyo. Alikuwa na tope kwenye ukingo wa kofia yake mpya, na nilitamani sana kumpiga kwa spana niliyokuwa nayo. Wasomaji, nilikuwa nayo mkononi!

Badala yake nilirudisha koki tangi la mbele, nikamimina humo dizeli niliyobeba, nikalegeza skrubu ya filta. Nikapiga pampu ya mkono, mapovu yakatoka, nikaendelea kupiga hadi dizeli ikatoka safi bila povu. Nikafungua nati za nozo alizozivuruga yule fundi mwingine, nikazikaza sawa. Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza hadi kichwa kimeuma. Nadhani ni kwa sababu watu wote walikuwa wananitazama mikono, na mikono yangu haijui kuliacha gari likiwa limezima. Kumwambia yule mzee kwamba mimi ndiye mke? Mke kwa asali ipi? Yeye alikuwa anaiona asali palepale kwenye gari, na ilikuwa inaenda kwake.

Nilimwambia Murithi apige stata. Landrova ikawaka mara moja. Kina mama wakapiga vigelegele, wakapanda, wakaketi juu ya lile godoro langu. Yule mzee akanishukuru kwa heshima kabisa, akaniambia nina mkono mzuri. Wakaanza kuimba, gari likafunga four-wheel likapanda matope bila taabu, kama nilivyoliunda. Nikabaki barabarani na mtungi mtupu.

Na Kanja walingoja. Walingoja hadi chakula kikaiva kupita kiasi, hadi wazee wakaanza kusimama mmoja mmoja na kudai wana ng'ombe za kukama. Wengine walikula. Wengine walisema maneno. Baba alinipigia jioni, nikamdanganya kwamba gari limevunjika gia na Murithi ameahirisha. Alisema vyuma ni vyuma. Lakini niliambiwa baadaye na jirani yake kwamba tangu siku hiyo aliacha kwenda kituoni pale Kanja kunywa chai na wenzake.

Mke mpya aliletwa kabla ya mwezi kuisha, mwalimu wa chekechea, mpole, aliyeambiwa kwamba mimi ni fundi aliyepewa nyumba ndani ya boma. Msiniulize alivyoamini. Nami niliamini mengi kuliko hayo.

Nilikataa kuondoka bila gari. Nikaitisha wazee wa ukoo wao. Nilikuja nimevaa gauni na kitambaa kichwani, nikawaeleza yote, tangu kuku waliokuwa wakitaga kwenye kiti hadi gia boksi iliyonivunja ubavu. Nikawaambia Kendi ni mtoto wao, wanamjua. Walinisikiliza vizuri. Kisha wakauliza kama kuna aliyewahi kwenda Kanja kwa niaba ya Murithi. Hakuna. Wakauliza karatasi za gari zina jina la nani. La Murithi.

Ndipo shangazi akaombwa aseme anachojua. Huyo ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa najifungua Kendi! Alisimama, akarekebisha leso yake.

"Mimi nilikuwa Kionyo," akasema. "Aliitwa fundi mbele ya wakwe, tukisikia wote. Kama alikuwa mke, hapo ndipo angesema. Alinyamaza akafanya kazi."

Wazee wakaamua kwamba mtoto ni wa ukoo na atalindwa, na kwamba fundi hawezi kudhulumiwa jasho lake, alipwe. Murithi akasema mambo ni magumu kwa sasa, lakini atatuma mbuzi. Wakaona ni haki. Wakaomba, wakaondoka.

Nilirudi Kanja. Kendi alikuwa shule ya bweni, kwa hivyo nilienda peke yangu na sanduku la spana. Baba hakuwa anaona tena isipokuwa vivuli. Nilimwambia nimekuja kumtunza kidogo. Alifurahi, hakuuliza. Nilipika, nililima, nikawa najipanga jinsi ya kumweleza... kila siku nasema leo, nikimwona anavyopapasa ukuta kutafuta mlango nasema kesho.

Asubuhi moja nilikuwa shambani nikichuma mboga. Nikasikia injini ikishuka njia yetu. Niliijua kabla haijapinda kona. Lakini aliyeijua kabla yangu ni baba. Alikuwa ameisikia ikiwaka mara ya kwanza kwenye simu, na hakuwa ameisahau. Nilipofika nyumbani nikikimbia, alikuwa amesimama uani, amevaa koti lake la kanisani, vifungo vimepishana, na uso wake...

Gari lilikuja na dereva tu, kijana wa kuajiriwa. Aliteremsha beberu mmoja mweusi. Baba alisogea akipapasa hewani hadi mkono wake ukaangukia mgongo wa mnyama. Akavua kofia. Kabla mimi wala dereva hatujafungua mdomo, baba aliinua uso juu akaomba kwa sauti. Alimshukuru Mungu kwa kumkumbuka. Alimbariki Murithi kwa jina. Alisema yeye hakuwa na haraka, kwamba mwenye kuanza na mmoja atamaliza na wote, na kwamba binti yake amepokelewa leo. Akatema mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki.

Dereva alinitazama. Aliniambia polepole kwamba ametumwa kuleta malipo ya fundi, na anatakiwa arudi na jibu kwamba yamefika.

Nilimwambia aseme yamefika.

Wazee wa Kanja waliitwa, hata wale waliosema maneno. Walimchinja yule beberu, wakala, wakamsifu mkwe wa baba, na baba akakaa katikati yao akihesabu mkwe wake mmoja. Nilipitisha nyama kwenye sinia. Nami nikapewa kipande changu, nikakila. Mnajua ladha ya kula mshahara wako kama mahari yako? Nilitafuna mpaka nikameza.

Na mnafikiri yaliishia hapo? Usiku huo baba alilala vizuri. Asubuhi akaniita, akanishika mikono hii meusi, akaniambia kwa upole kabisa.

"Sasa rudi kwako, mama. Mwanamke aliyetolewa mbuzi hakai kwa baba yake. Watu watasema nimekula mali ya mtu na binti yake nimemzuia."

Nilimwambia nataka kukaa naye. Akatikisa kichwa. Akasema hataki nimharibie furaha yake kwa kumhurumia. Akanisindikiza hadi njiani akishikilia ua wa boma.

Kwa hivyo nina chumba cha kupanga Runyenjes, nyuma ya gereji ambamo nafanya kazi. Natoa hewa kwenye dizeli za watu, nainua magari yao, nakaza breki zao. Kila Jumapili baba hunipigia. Huniuliza Murithi hajambo. Namwambia hajambo, anakusalimu. Huniuliza landrova inaendeleaje. Namwambia vizuri, juzi tumebadilisha filta. Hushauri hiki na kile, na mimi huitikia ndiyo, Baba.

Wapo wanaoniambia niende kortini, kwamba sheria ya sasa inamjua mwanamke hata bila mbuzi. Nimeuliza, ni kweli. Lakini shahidi wa kwanza atakayeitwa kueleza kama mahari ilipokelewa ni baba yangu. Watamsimamisha pale kwa fimbo yake, na mtu atamsomea kwamba yule mbuzi aliyemwombea dua alikuwa mshahara. Siwezi. Akiwa hai siwezi.

Mabinti zangu na dada zangu, nawasihi. Uliza habari za mbuzi zako, hata wakikuita mwanamke asiye na haya. Andikisha jina lako kwenye karatasi siku ile ile ya kununua, na soko lifungwe kama ni lazima. Na siku mtu atakapokuita jina lisilo lako mbele ya watu, fungua mdomo, hata kama gari la kijiji kizima limezima na wote wanakungoja wewe. Tupa spana chini kwanza, useme wewe ni nani.

Mimi kila nikilala namwombea baba maisha marefu. Naomba kwa moyo wangu wote. Na kila nikiomba hivyo, najua namwombea Murithi aendelee kuendesha gari langu kwa amani.